Wimbo wa Waliobaki Nyumbani

Askari anapokwenda safari ya kazi, watu humsindikiza. Wakubwa humpa mkono, bendi hupiga tarumbeta, na majirani humwombea dua. Kisha gari huondoka, vumbi hutua, na yule aliyebaki mlangoni hurudi ndani kuosha vyombo. Habari za aliyekwenda huandikwa magazetini na kusomwa redioni. Habari za aliyebaki haziandikwi, kwa sababu ati hapana kazi anayoifanya ila kungoja.

Hizi ni habari za bwana mmoja wa Port Bell ambaye alibaki. Aliyemfundisha namna ya kungoja hakuwa kasisi wala shehe, wala mzee wa ukoo. Alifundishwa na wimbo wa zamani wa Kifaransa, lugha ambayo haijui hata neno moja, alioukuta katika filamu ya vita.

Bandari ya kungoja

Port Bell ni bandari ya mji wa Kampala katika ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale na wengine huliita Viktoria. Jina hilo limetokana na Sir Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza katika mwanzo wa karne iliyopita. Karibu na hapo kipo kiwanda cha bia, na bia yake ilipewa jina hilo hilo la Bell. Upepo ukitoka upande wa kiwanda, mtaa wote hunukia kimea. Juu kidogo ndipo Luzira, penye gereza linalojulikana nchini kote. Reli inatelemka hadi ukingoni mwa maji, kwa maana bandari hii ilitengenezwa ili mabehewa yaingie katika tumbo la meli bila ya kushushwa mizigo.

Katika miaka ya 1980 Uganda ilipata meli tatu za namna hiyo, nazo ni Kabalega, Pamba na Kaawa. Mwezi wa Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Tangu hapo kazi ya meli za mabehewa ilidhoofika kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ndipo meli ya Tanzania iitwayo Umoja iliporudia safari zake za kutoka Mwanza. Kwa hiyo katika mwaka 2014, ambao ndio mwaka wa habari hizi, gati la Port Bell lilikuwa mahali ambapo meli kubwa zilingojwa zaidi kuliko zilivyoonekana. Waliokuja kila siku ni wenye mashua za mbao kutoka visiwani, na samaki wao, mbao zao na makaa yao.

Bwana huyo alikuwa karani, umri wake miaka 35. Kazi yake ilikuwa kuandika shehena daftarini. Mkewe alikuwa askari polisi. Walikuwa na watoto wawili, binti wa miaka minane na mvulana wa miaka minne.

Kiswahili cha amri

Karani alizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya, na mkewe alizaliwa Gulu. Mmoja hakujua lugha ya mama wa mwenziwe, basi lugha ya nyumba yao ikawa Kiswahili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za askari wa Uganda. Tangu zamani za KAR, Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi katika nchi hiyo, na watoto wengi waliozaliwa kambini wamekua nacho.

Lakini Kiswahili cha mke kilitoka katika chuo cha polisi: simama, geuka, leta taarifa. Na Kiswahili cha mume kilitoka gatini: pima, funga, shusha, andika. Kilitosha kwa kazi, na kwa mambo ya nyumbani pia kilitosha. Hata siku ile karani alipomposa, alimwambia kwamba amekwisha kuyatazama mambo yote na anaona inafaa wakae pamoja. Naye binti akajibu kwamba amesikia. Wakacheka wote wawili, na ndoa ikafungwa. Walipendana sana, lakini hawakuwa na desturi ya kulitaja jambo hilo, kama vile watu wasivyokuwa na desturi ya kuutaja ukuta unaoshikilia paa.

Mwaka huo mke akachaguliwa kwenda Somalia. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka majeshi huko chini ya Umoja wa Afrika, mwezi wa Machi 2007, na kikosi kamili cha polisi wake kilianza kwenda Mogadishu mwaka 2012. Mke alipanga nguo zake katika begi, akamwonyesha mumewe mahali zilipo kadi za kliniki za watoto, akamkumbusha kwamba mvulana hali mihogo. Asubuhi akaondoka.

Majirani hawakumwacha karani hivi hivi. Kwenye bomba la maji mzee mmoja alimwambia, "Bwana, dunia imegeuka. Siku hizi bibi hushika bunduki na bwana hushika mwiko." Karani akacheka pamoja nao, akajaza madumu yake, akaenda zake. Usiku, watoto walipokwisha kulala, alikuwa akikaa juu ya kiti karibu na mlango bila ya kufanya kitu. Hakujua hali ile inaitwaje.

Kila Jumapili jioni walizungumza kwa simu. Mazungumzo yao yalifanana na taarifa ya zamu. Ada ya shule imelipwa. Mvulana alishikwa na homa siku ya Jumanne, sasa hajambo. Makaa yamepanda bei. Na huko? Huko kwema, jua kali. Kisha kila mmoja angenyamaza akisikiliza pumzi ya mwenziwe, hata salio likaisha na simu ikakatika. Karani angebaki ameishika mkononi, akijua kwamba lipo jambo ambalo hakulisema, na asijue ni lipi.

Katika banda la sinema

Katika mitaa ya Kampala yako mabanda ya sinema, yaliyoezekwa kwa mabati, yenye mabenchi ya mbao na runinga moja au mbili mbele. Kwa kuwa watazamaji wengi hawasikii lugha za filamu, hutumiwa mfasiri ambaye watu humwita VJ. Huyo hushika kipaza sauti na kuyaeleza yote kwa Luganda, na mara nyingi hutia chumvi yake, hata adui wa Kimarekani akapewa jina la soko la Kampala na watu wakavunjika mbavu. Mfasiri hodari hanyamazi. Akinyamaza, watu hudai fedha zao.

Jumamosi moja karani aliwaacha watoto kwa jirani, akalipa shilingi 500, akaingia kupumzisha akili. Filamu ilikuwa ya Wajerumani, iliyotengenezwa mwaka 1981 na Wolfgang Petersen, jina lake Das Boot, yaani chombo cha majini. Yasimulia habari za mabaharia wa Kijerumani katika vita vya pili vya dunia, mwaka 1941, waliotumwa katika bahari ya Atlantiki ndani ya manowari ya kwenda chini ya maji. Mwanzoni kabisa watazamaji wanaelezwa kwamba Wajerumani 40,000 walifanya kazi katika manowari za namna hiyo, na kwamba 30,000 kati yao hawakurudi.

Mfasiri alifanya kazi yake vizuri. Aliwapa mabaharia majina, akawagombanisha, akawachekesha watu. Lakini ulifika wakati ambapo ndani ya chombo kile chembamba, kilichojaa watu wenye ndevu na jasho, ilipigwa sahani ya santuri. Ikasikika sauti ya mwanamke akiimba kwa Kifaransa, polepole, na herufi ya r ikitetemeka ulimini mwake. Mabaharia waliisikiliza kimya, ingawa ilikuwa lugha ya nchi waliyoipiga na kuiteka. Na mfasiri naye akanyamaza. Labda hakuwa na maneno, au labda alikunywa maji; lakini alinyamaza, na katika banda lile hapana aliyedai fedha zake.

Karani hakuelewa hata neno moja. Hata hivyo alihisi kwamba mwanamke yule ameketi karibu na mlango, usiku, baada ya watoto kulala.

Filamu ikaendelea. Manowari ikapigwa, ikazama hadi chini kabisa, ikainuka tena kwa taabu kubwa, ikarudi bandarini La Rochelle katika Ufaransa. Watu wa bandini wakapumua. Hapo ndipo zilipotokea ndege za adui na kuipiga ikiwa gatini kwake, na nahodha akafa akiitazama inazama mahali pa salama. Karani alitoka nje akiwa amesahau mwavuli wake.

Kutafuta jina la wimbo

Kwa majuma mawili wimbo ule ulikaa kichwani mwake. Aliupigia mluzi akiandika magunia ya makaa. Alimwendea mfasiri akamwuliza jina lake. Mfasiri alimjibu, "Bwana, mimi nafasiri maneno ya watu. Nyimbo sifasiri."

Pale Luzira palikuwa na mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuwa akiuza vitenge, na ambaye alikisoma Kifaransa shuleni. Alikuwa akifika gatini mara kwa mara kuulizia mizigo. Siku moja alimkuta karani akipiga mluzi, akasimama. "Baba," alisema, "wimbo huo umeutoa wapi? Huo ni wimbo wa Dalida. Marehemu baba yangu alikuwa na sahani yake."

Mama yule alikuwa na haki, na pia hakuwa nayo. Dalida, mwimbaji mashuhuri wa Ufaransa aliyezaliwa Cairo katika Misri, aliuimba wimbo huo katikati ya miaka ya 1970 kwa mdundo wa kuchezea dansi, ukavuma katika nchi nyingi. Lakini sauti iliyosikika katika filamu ni ya zamani zaidi. Ni sauti ya Rina Ketty, mwanamke wa Kiitalia aliyehamia Paris, na aliuimba mwaka 1938. Herufi ile ya r iliyotetemeka ilikuwa matamshi ya nchi yake, ambayo hakuweza kuyaacha.

Mama Mkongo akamwambia jina la wimbo: J'attendrai. Karani akauliza maana yake. Mama akafikiri kidogo, kisha akasema, "Ni neno moja tu kwa Kiswahili. Nitangoja."

Karani aliandika neno hilo pembeni mwa daftari la shehena, mahali ambapo si ruhusa kuandika kitu.

Utarudi na Nitangoja

Habari za wimbo huu zinafaa kuelezwa, kwa kuwa zinawahusu watu wa nyumba za askari kuliko watu wengine. Kwanza ulitungwa Italia katika miaka ya 1930. Lahani ilitungwa na Dino Olivieri na maneno yakaandikwa na Nino Rastelli. Wajuzi wa muziki husema kwamba lahani hiyo inafanana na sehemu moja ya opera ya Puccini iitwayo Madama Butterfly, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1904. Katika sehemu hiyo waimbaji huvumisha sauti bila ya kutamka maneno, na mwanamke wa Kijapani anakesha usiku kucha akingoja mumewe, ofisa wa manowari ya Marekani, ambaye meli yake imekwisha kuonekana bandarini.

Jina la Kiitalia la wimbo wa Olivieri lilikuwa Tornerai, maana yake "Utarudi". Ulipopelekwa Ufaransa, Louis Poterat aliuandikia maneno ya Kifaransa, na jina likageuka kuwa "Nitangoja". Mwaka mmoja baada ya Rina Ketty kuuimba, vita vikaanza. Mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa, na zaidi ya askari wake milioni 1 na nusu wakachukuliwa mateka Ujerumani. Wengi wao walikaa huko hadi mwaka 1945. Nyuma yao walibaki mama, wake na wachumba, na wimbo uliokuwa wa mapenzi ya kawaida ukawa wimbo wao.

Zipo nyimbo nyingine za vita zilizopita mipaka namna hiyo. Lili Marleen, wimbo wa Kijerumani ulioimbwa na Lale Andersen mwaka 1939, ulipigwa na redio ya Belgrade tangu mwaka 1941, ukasikilizwa na askari wa pande zote mbili katika jangwa la Afrika ya Kaskazini. Hata sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna wimbo wa askari wa KAR, "Funga Safari", ambao wazee waliokwenda Madagascar mwaka 1942 na Burma mwaka 1944 waliujua, na wajukuu wao wanaujua hadi leo. Lakini "Funga Safari" ni wimbo wa anayekwenda, wimbo wa miguu na amri. Wimbo wa karani ulikuwa wa upande wa pili wa mlango.

Karani alipoelezwa habari ya yale majina mawili, aliyatafakari kwa siku nyingi. Utarudi ni neno kubwa, lakini anayelisema hana uwezo nalo. Mama wa Ufaransa hakuweza kumrudisha mwanawe. Wala mke wa baharia wa Kijerumani hakuweza kuinua chuma kutoka chini ya bahari. Nitangoja ni neno dogo zaidi, nalo lote liko mikononi mwa anayelisema. Hapana jemadari anayeweza kumnyang'anya. Hapo karani akatambua lile jambo alilokuwa halisemi katika simu kila Jumapili. Hakuwa na haja ya kujifunza Kifaransa ili aliseme. Lilikuwa Kiswahili chepesi, ambacho hata chuo cha polisi kinakijua.

Jumapili ile

Alikwenda mjini, na kijana mmoja anayejaza nyimbo katika simu za watu alimtafutia wimbo wa Rina Ketty. Kijana alicheka akauliza kama mzee huyu anafungua duka la vitu vya kale. Karani akalipa, akarudi nyumbani, akausikiliza pamoja na watoto. Mvulana alisinzia. Binti aliuliza, "Baba, huyu mama analia?" Karani akamjibu kwamba halii, anangoja.

Jumapili iliyofuata, baada ya ada ya shule na bei ya makaa, ulipofika wakati wa kunyamaza, karani alisema, "Mama watoto, mimi nakungoja."

Kimya kikawa kirefu kuliko siku zote. Kisha mkewe akauliza, "Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Watoto wazima?"

"Wazima kabisa. Nakungoja tu, nikaona nikuambie."

Kimya tena. Kisha sauti ikaja kutoka Mogadishu, ndogo, isiyofanana na ya askari: "Basi sema tena, kabla salio halijaisha."

Tangu hapo wakawa wanaanza na neno hilo na kumaliza na ada ya shule. Matatizo ya nyumbani hayakupungua. Makaa hayakushuka bei, na mzee wa bombani hakuacha maneno yake. Lakini karani alijua sasa kwamba anapokaa kitini usiku, ana kazi anayoifanya, kama mlinzi wa zamu.

Krismasi ya mwaka 2014

Siku ya Krismasi ya mwaka huo washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia katika kambi kubwa ya Halane, karibu na uwanja wa ndege wa Mogadishu, na watu wakauawa. Habari zilifika Port Bell jioni, watu wakiwa wamevaa nguo mpya na nyama ikiwa mekoni. Jirani aliileta habari hiyo kwa upole. Yeye ndiye yule mzee wa bombani, na jioni ile hakuwa na mzaha.

Karani akapiga simu, haikupatikana. Akapiga tena. Akapiga hata akahesabu mara ishirini, kisha akaacha kuhesabu. Mkewe hakuwa amemwambia siku zote analala kambi gani, kwa kuwa askari haelezi mambo hayo katika simu. Angeweza kuwa Halane, na angeweza kuwa mbali nayo.

Binti aliona uso wa baba yake. Watoto wa askari huona mambo haya mapema. Akauliza, "Mama atarudi?"

Hapana mzazi asiyetamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa karibu na ulimi wake. Lakini karani alikumbuka nahodha wa La Rochelle, aliyefika salama na asifike. Akamshika mtoto mkono akamwambia, "Tutamngoja. Mimi na wewe na ndugu yako. Hatutachoka."

Mtoto akakubali jibu hilo. Labda alitambua kwamba ni la kweli, kwa maana watoto huyajua majibu ya kuwanyamazisha, na hilo halikuwa mojawapo.

Usiku ule karani hakuupiga wimbo wake. Alijaribu, akauzima baada ya sauti ya kwanza. Wimbo ni faraja ya mtu mwenye huzuni ya kawaida; hofu ikiwa kubwa sana, haubebeki. Alikaa kitini hadi ndege wa ziwani wakaanza kulia. Jirani mzee alikuja akakaa naye tangu saa nane za usiku, hakusema kitu, na alfajiri akaenda kumletea maji mwenyewe katika dumu.

Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia. "Sisi wazima," alisema mkewe. "Nina dakika moja tu. Watoto wamekula?" Karani akasema wamekula. "Bado unangoja?" Akasema bado. Simu ikakatika.

Akalia hapo. Jirani akatazama pembeni, kama inavyompasa jirani. Kisha wakakumbuka kwamba ziko nyumba ambazo asubuhi ile simu yao haikulia, au ililia kwa sauti ya mtu mwingine, wakainamisha vichwa.

Mke aliporudi

Mke alirudi mwaka uliofuata, amekonda na amekuwa mweusi zaidi kwa jua. Kwa siku za kwanza alilala sana, na mlango ukigongwa aliruka. Karani alimwachia nafasi. Juma la pili, jioni, alimpigia wimbo wake, akiwa na haya kidogo kama kijana anayetoa barua ya kwanza.

Mke akausikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema kwa uaminifu wa askari, "Baba watoto, sikuupenda. Kule tulikuwa tukipiga nyimbo za dansi tu, za Kikongo, kwa sauti kubwa. Mtu akipiga wimbo kama huu tulimwambia azime. Ukiwaza nyumbani sana huko, miguu inakuwa mizito."

Karani aliona aibu. Mkewe akamgusa bega. "Huu ni wimbo wa wanaobaki," alisema. "Nimefurahi kwamba ulikuwa nao. Mimi lile neno lako lilinitosha. Nilikuwa nikitoka kwenye zamu najua kwamba kuna mtu yuko zamu Port Bell."

Basi hawakuupenda wimbo mmoja, na haikuwadhuru. Jioni nyingine ilipigwa rumba ya Kongo, mke akacheza na watoto, na bwana akaketi kitini kwake akawatazama.

Uganda imeendelea kupeleka watu wake Somalia miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 2022 jina la kikosi cha Umoja wa Afrika lilibadilishwa, na mwaka 2025 likabadilishwa tena. Majina hubadilika, lakini katika nyumba za askari jambo ni lile lile: mmoja anafunga begi, mwingine anaonyeshwa zilipo kadi za kliniki.

Kwa hiyo wewe uliyebaki, awe aliyekwenda ni mume, mke, mwana au dada, usiidharau kazi yako. Usimwahidi mtoto jambo ambalo huna uwezo nalo, bali mwahidi lile ulilo nalo. Na wewe jirani, mwenye mtu wake safarini mpelekee dumu la maji, na mzaha uuweke siku nyingine. Simu ikilia Jumapili, ada ya shule na bei ya makaa zitaje, maana ndizo zinazoiweka nyumba. Lakini tangulizeni lile neno dogo, kabla salio halijaisha.

Karani wa Port Bell bado ni karani. Wenye mashua za visiwani wamekwisha kuuzoea mluzi wake, na baadhi yao wameushika bila ya kujua umetoka wapi. Ukipita gatini asubuhi unaweza kumsikia mvuvi wa Kalangala akitandaza wavu wake huku akiupiga, polepole.